Simulesheni ya vita inatoa majibu ya ajabu? Dalili, chanzo na pa kuanzia kurekebisha

Hii ni kwa mtu mwenye modeli ya vita vikubwa kwenye kompyuta, ndege juu vifaru chini, pande mbili Bluu na Nyekundu, na modeli inatema majibu ambayo hayaingii akilini. Labda umeiandika mwenyewe kwa Python kwa ajili ya tasnifu, labda umerithi programu ya zamani ya Fortran ambayo aliyeiandika alishastaafu na hakuacha maelezo, shida ni zilezile tu. Hata modeli kubwa za Marekani kama TACWAR na THUNDER zilikuwa na maswali haya haya kila zilipotumika.

Kabla ya yote shika mpangilio: kwanza hesabu, pili bahati nasibu, mwisho ndio dhana zako kuhusu vita. Watu wengi wanageuza. Mtu anaona Nyekundu imeshinda, haamini, anaongeza nguvu ya kifaru cha Bluu kidogo, anaongeza tena, mpaka jibu linapendeza machoni. Ukishafanya hivyo modeli imekufa, maana sasa inakwambia ulichokuwa unataka kusikia, na hizi modeli ndizo zinazotumika kuamua ndege ngapi zinunuliwe na vijana wangapi wapelekwe mbele, sio mchezo.

DALILI: askari wanakuwa chini ya sifuri, au mshindi anabaki na watu pungufu

Hapa usiende mbali, angalia hatua ya muda, yaani muda ambao programu inaruka kwa kila mzunguko wa hesabu. Modeli nyingi ndani yake zina zile hesabu za Frederick Lanchester, injinia wa magari wa Uingereza aliyezichapisha 1914 na tena kwenye kitabu 1916 (Mrusi Osipov naye alifika palepale 1915 bila wao kujuana). Wazo lenyewe ni jepesi: kila upande unapoteza watu kulingana na wingi wa wanaoupiga. Kutoka hapo inazaliwa sheria ya mraba, yaani nguvu ya kikosi inakua kwa mraba wa idadi yake, na uzuri wake ni kwamba inakupa jibu kamili la kupimia programu yako bila kubahatisha.

Fanya hivi. Weka Bluu 1,000, Nyekundu 800, silaha sawa kabisa, wapigane mpaka Nyekundu iishe. Mraba wa 1,000 toa mraba wa 800 ni 360,000, kipeo chake 600, kwa hiyo Bluu lazima ibaki na 600. Sasa endesha programu yako kwa hatua ambayo kila upande unaua sawa na asilimia 10 ya idadi yake kwa kila hatua. Hatua ya kwanza Bluu 920, Nyekundu 700, sawa, unaendelea, ikifika hatua ya 11 Nyekundu iko hasi 3 hivi na Bluu imebaki 568. Watu 32 wamepotea na hakuna risasi iliyowaua, ni hesabu tu, kila hatua inakula asilimia 1 ya ile tofauti ya miraba. Punguza hatua mara kumi Bluu inabaki kama 597. Kwa hiyo punguza hatua nusu kwa nusu mpaka jibu liache kuhama, au tumia njia bora kama Runge-Kutta. Kuweka sharti la "ikiwa chini ya sifuri andika sifuri" kunaficha dalili tu, ugonjwa unabaki ndani.

Kuna ndugu wa tatizo hili ambaye anasumbua zaidi kwa sababu haonekani. Weka pande zote 1,000 kwa 1,000, kila kitu sawa. Zikitoka tofauti, basi programu yako inapunguza upande mmoja kwanza halafu inatumia idadi mpya kupiga upande wa pili. Kwa hatua ileile ya asilimia 10, Bluu inashuka kuwa 900, halafu hao 900 ndio wanapiga, Nyekundu inabaki 910. Hatua moja tu na tayari kuna aliyependelewa watu 10 kwa sababu ya mstari upi umeandikwa juu. Hifadhi idadi za zamani, piga hesabu zote mbili, ndio ubadilishe kwa pamoja. Hili jaribio la sawa kwa sawa liwe la kudumu, liendeshe kila ukigusa programu.

DALILI: kila ukiendesha jibu tofauti, au hutakiwi kupata tofauti na bado unapata

Kama modeli inatumia nasibu, kubadilika ni kawaida yake, kosa ni kuripoti mara moja. Nimeona ripoti yenye grafu nzuri na rangi zote halafu ukiuliza mliendesha mara ngapi unaambiwa mara moja, hapo hakuna kitu. Endesha mara nyingi, onyesha mtawanyiko, sio wastani peke yake, maana wastani wa "Bluu imeshinda vizuri" na "Bluu imefutika" ni jibu ambalo halikutokea hata siku moja.

Sidi, yaani ile namba ya kuanzishia nasibu, iandikwe kwenye faili la matokeo kila mara. Bila sidi huwezi kurudia tukio la ajabu ulichunguze.

Sasa hili la kulinganisha. Unataka kujua ndege moja zaidi inasaidia nini, unaiongeza, sidi ileile, jibu linaruka sana. Sio ndege hiyo. Ni kwamba rada, risasi, hali ya hewa na kuharibika kwa magari vyote vinachota namba kwenye mtungi mmoja, ndege mpya imechota zake chache na kila aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni kapata namba ya mwenzake, yaani umebadilisha vita nzima. Mpe kila mchakato mkondo wake wa nasibu, na ikiwezekana kila kikosi kiwe na wake, ndio tofauti unayoiona itakuwa ya ndege kweli.

Na kama ni modeli ya zamani, chungulia jenereta yenyewe, yaani kile kipande cha programu kinachotoa namba za nasibu. Kulikuwa na moja ya IBM inaitwa RANDU, ilitapakaa sana miaka ya 60 na 70, namba zake ukizichukua tatu tatu na kuzichora zinakaa kwenye tabaka 15 tu badala ya kujaza nafasi yote. Fikiria modeli inachota namba tatu mfululizo: ameonekana, amepigwa, ameharibika. Hapo jenereta ndiyo inayopigana, silaha zako zinatazama tu. George Marsaglia alishaonyesha mwaka 1968 kwamba jenereta za aina hiyo zote zina tabia ya kuanguka kwenye tabaka. Ukikutana na RANDU popote ing'oe, weka jenereta ya Mersenne Twister ya 1998 au mpya zaidi.

Sidi ileile, mashine ileile, na bado majibu mawili? Kama programu inagawa kazi kwa prosesa nyingi, mpangilio wa kujumlisha desimali unabadilika kila mara, na desimali za kompyuta zikijumlishwa kwa mpangilio tofauti zinatoa tofauti ndogo sana mwishoni. Ndogo, lakini soma dalili inayofuata uone inavyokua.

DALILI: unaongeza nguvu halafu unashindwa

Hii ndio inawachanganya watu kuliko zote na ndio ninayoipenda kuichambua, kwa sababu sio lazima iwe bagi, yaani kosa la programu.

Mwaka 1991 James Dewar, James Gillogly na Mario Juncosa wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, walichukua modeli ndogo kabisa, hesabu za Lanchester bila nasibu hata chembe, wakaiongezea jambo moja la kibinadamu: kila upande unaamua kuita askari wa akiba au kukata tamaa kulingana na hali ya mapigano ilivyo. Basi. Na modeli ikaanza kufanya vituko, unaongezea upande mmoja askari, badala ya kushinda unashindwa, unaongeza tena unashinda, ukichora ramani ya nani kashinda unaona madoa doa badala ya mstari safi unaotenganisha.

Inatokeaje? Mfano, Bluu inaita akiba pale uwiano wa nguvu zake kwa za Nyekundu ukishuka chini ya kizingiti fulani. Ukiipa vifaru 10 zaidi, uwiano unabaki juu ya kizingiti kwa kipindi kimoja zaidi, simu ya kuita akiba inachelewa, na akiba inafika wakati mambo yameshaharibika. Bila vile vifaru 10 ingeitwa mapema. Na sasa rudi kwenye zile desimali: kama uwiano uko pembeni kabisa mwa kizingiti, tofauti ya kwenye tarakimu ya kumi na tano inatosha kuamua akiba iitwe saa hii au saa ijayo.

Namna ya kutofautisha bagi na tabia halisi ya modeli: andika kwenye logi kila uamuzi, nani ameita nini, saa ngapi, uwiano ulikuwa ngapi. Halafu linganisha vita mbili bega kwa bega, tafuta sehemu ya kwanza ambapo upande ulioongezewa nguvu unaanza kufanya vibaya zaidi. Kama ni kwenye uamuzi wa kizingiti, sio bagi. Kama umeanza kufanya vibaya kabla ya uamuzi wowote, hapo una bagi, rudi juu kwenye hesabu.

Dawa sio kufuta vizingiti, makamanda wanaamua kweli na modeli isiyo na maamuzi inadanganya vibaya zaidi. Unachofanya ni kuacha kuuliza swali la nukta moja. Pitisha idadi ya vifaru kutoka 200 mpaka 400 kwa hatua ndogo ndogo, sogeza na kizingiti chenyewe, ndio useme kwa ujumla kuongeza kunasaidia au hakusaidii. Mtu akikuletea pointi mbili, "kwa 300 tunashindwa kwa 310 tunashinda kwa hiyo tununue 10", mrudishe akapitishe yote.

DALILI: ndege zinamaliza kila kitu siku ya kwanza

Hapa visababishi viko vingi na mara nyingi vinakaa pamoja.

Anza na kuhesabu safari za ndege. Una ndege 48, asilimia 75 ndio nzima, kila moja inaruka mara 2 kwa siku, hizo ni safari 72. Sasa kama modeli yako ina hatua ya saa moja na ndege zote zinashambulia kila hatua, umewapa safari 1,152, mara 16 zaidi, na hakuna aliyeshuka kujaza mafuta, kufunga mabomu wala kulala. Chapisha jumla ya safari kwa siku uone, ni mstari mmoja wa programu.

Kisha mauaji ya mara mbili. Ndege 10, vifaru 10, kila ndege inachagua kifaru chake bila kuwasiliana na wenzake na uwezekano wa kuharibu ni nusu. Watu wanaandika 5 vimeharibiwa. Ukweli ni kama 4, kwa sababu kuna kifaru kimepigwa na wawili na kingine hakikuguswa. Moja kwenye kumi inaonekana kitu kidogo, lakini ijumlishe siku 30 uone.

Halafu dunia bapa. Kama modeli inatumia ramani iliyonyooka kama meza, rada inaona mpaka mwisho wa ramani. Kwa kilometa 100 dunia inajikunja karibu meta 785 chini ya mstari ulionyooka, na hata ukihesabu mawimbi ya rada kupinda kidogo bado ni kama meta 590. Ndege inayoruka meta 100 juu ya ardhi huioni kutoka huko kwa rada iliyoko chini. Modeli bapa inaiona, inaipiga, na inaandika ulinzi wa anga umefanya kazi nzuri. Na ukibadilisha upande kosa linafanya kinyume, ndege yako ya juu inaona vifaru nyuma ya kilima.

La mwisho na gumu kuliko yote ni kuamini kwamba kilichopigwa ni kifaru kweli. Angalia Kosovo 1999, siku 78 za mabomu ya NATO kutoka tarehe 24 Machi. Vita ilipoisha ilitangazwa vifaru kama 120 vya Waserbia vimeharibiwa, baadaye mwaka huohuo baada ya uchunguzi ikashushwa kuwa 93, na mabaki yaliyokutwa kwenye ardhi yenyewe yalikuwa machache mno kuliko hapo. Waserbia walitumia vifaru bandia, madaraja bandia, walificha vya kweli kwenye misitu na vijijini. Modeli nyingi zina hali mbili tu, kifaru kizima na kifaru kilichokufa, na kamanda wa ndani ya modeli anajua kipi ni kipi. Mpe kamanda picha yake mwenyewe ya vita iliyotengana na ukweli, ndani yake kuwe na bandia, kuwe na kilichokufa kinachodhaniwa kizima na kizima kinachodhaniwa kimekufa, halafu yeye aamue kwa picha hiyo. Ni kazi, itakula wiki, lakini vita ya anga bila hiyo haina maana.

DALILI: mstari wa mbele unasogea wote kwa pamoja, au haupenyeki

Chanzo ni muundo. Modeli za zamani ziligawa uwanja kwenye vichochoro, kila kichochoro na uwiano wake wa nguvu, uwiano mkubwa unasogea kilometa nyingi, mdogo unasogea chache, na jirani akisogea mno anarudishwa ili ubavu usibaki wazi. Kwa hiyo hakuna anayezungukwa wala anayepenya, na unachokiona sio matokeo, ni sheria uliyoiandika.

Pia angalia kama nguvu za kikosi zimegeuzwa kuwa alama moja, kifaru alama hivi, mzinga alama vile, jumlisha. Hapo magari ya mizigo ya kutosha yanakuwa sawa na batalioni ya vifaru. Jaribu kweli: ondoa vifaru vyote weka malori yenye alama sawa, ukiona matokeo hayabadiliki umeshapata jibu. Tenganisha nani anampiga nani, hata kwa jedwali dogo la aina tano za silaha kwa aina tano za shabaha.

DALILI: modeli ya anga na ya ardhini zimeunganishwa, halafu hazielewani

Kombora linafika kabla ya kurushwa, au ndege inapiga kikosi kilichohama zamani. Hapa ni saa. Kuunganisha kwenyewe kuna viwango, DIS (Distributed Interactive Simulation) na baadaye HLA (High Level Architecture) iliyosajiliwa na shirika la wahandisi kama IEEE 1516, na HLA ina utaratibu wa kuzuia modeli moja isiikimbilie nyingine, tatizo watu wanauzima kwa sababu unapunguza kasi. Uwashe.

Na usihesabu muda kwa kujumlisha desimali. Tarehe 25 Februari 1991 kule Dhahran, Saudi Arabia, betri ya Patriot, mfumo wa Marekani wa kutungua makombora, ilikuwa imewashwa kama saa 100 mfululizo, saa yake ikihesabu sehemu za kumi za sekunde, na moja ya kumi kwenye namba za kompyuta haina mwisho, inakatwa. Ule mkato mdogo ukajumlishwa mpaka sekunde 0.34, na kwa mwendo wa Scud, kombora la Iraki, hiyo ni zaidi ya nusu kilometa, ikatafuta kombora mahali ambapo halipo. Askari 28 wa Marekani walikufa. Kwenye simulesheni hafi mtu, ila kosa ni lilelile: hesabu hatua kwa namba kamili, zidisha na urefu wa hatua unapohitaji muda.

DALILI: modeli inalingana na historia vizuri mno, au hailingani kabisa

Ya kwanza ndio ya hatari. Mwaka 1954 J. H. Engel alichukua vita ya 1945 ya kisiwa cha Iwo Jima huko Japani, Wamarekani wakishuka 54,000 siku ya kwanza, 6,000 siku ya tatu, 13,000 siku ya sita, Wajapani 21,500, akaweka kwenye hesabu za Lanchester na mstari ukapita juu ya data safi kabisa. Kazi nzuri sana. Lakini hasara za kila siku zilikuwepo za Wamarekani tu, upande wa Wajapani ulikuwa na namba ya mwanzo na ya mwisho, kwa hiyo modeli zenye umbo tofauti nazo zinaweza kupita palepale. Ukishapata namba zinazofiti vita moja, jaribu vita ambayo hukuitumia kufitia.

Hailingani kabisa, basi mara nyingi modeli inahesabu vyuma na haihesabu watu. Tarehe 26 Februari 1991, kwenye Vita ya Ghuba, jangwani Iraki pale palipoitwa 73 Easting, kikosi kimoja cha vifaru cha Marekani kilipita kwenye tufani ya mchanga na kuvunja ulinzi wa Iraki kwa dakika 23 hivi bila kupoteza kifaru. Vita hiyo ilijengwa upya kwenye kompyuta, mtafiti Stephen Biddle akaitumia kubadilisha kitu kimoja kimoja: teknolojia peke yake haikutosha kuleta matokeo yale, iliungana na makosa ya Wairaki ya kujichimbia vibaya na kutoweka walinzi wa mbele. Modeli isiyo na kasoro za watu haiwezi kuizalisha.

Kipimo changu cha mwisho kiko kwetu. Tanga, tarehe 2 mpaka 5 Novemba 1914, Waingereza wanashuka na watu kama 8,000 kutoka India, kamanda wa Wajerumani Lettow-Vorbeck ana kama 1,000, wengi askari wa huku huku, akiwavuta kwa treni kutoka Moshi. Waingereza wakashindwa wakarudi melini. Weka sheria ya mraba: ili 1,000 watoshane na 8,000, kila mmoja lazima awe mara 64 ya mwenzake, na hapo ndipo mtu anashawishika kuandika 64. Usiandike. Kwenye vichaka na mashamba ya minazi watu hawaonani, unapiga eneo, sheria inayofaa ni ya mstari, nguvu inakua sawa na idadi na sio mraba wake, na 64 inashuka kuwa 8. Halafu hawakupigana 8,000 kwa mpigo, walishuka kwa mafungu, waliochoka na safari ndefu ya bahari, kwa hiyo weka ratiba ya kushuka kama Engel alivyofanya. Shambulio halikuwa la ghafla, Waingereza walitoa onyo kwa mji wa Tanga kabla ya kushuka, kwa hiyo treni iwe imeshaondoka Moshi. Kiwango cha hasara ambacho kikosi kinavunjika kiwe cha nasibu, tofauti kwa kila batalioni, maana kuna waliokimbia mapema na kuna waliopigana mpaka katikati ya mji, na hata nyuki waliovamia uwanja walichangia kuwatawanya. Endesha kwa sidi nyingi uhesabu Waingereza wanashindwa mara ngapi. Ikitoka mara chache modeli yako inaishi, vita ile ilikuwa ya nadra. Isipotoka hata mara moja kuna kitu kwenye muundo hakipo, na hicho ndio cha kutafuta kabla hujagusa namba ya silaha hata moja.